Neno "Pengine" Nililolifuta

Alhamisi, Februari 1954. Bondeni, Nakuru.

Tangu asubuhi upepo unatoka ziwani na vumbi la magadi. Limepita chini ya mlango, liko juu ya meza, liko katikati ya meno yangu. Nimeufuta ukurasa huu mara mbili kwa kiganja kabla ya kuanza. Saa kumi haijafika. Nuru ipo ya kutosha kuandika yote kabla ya kafyu, na lazima niandike yote, kwa maana kesho asubuhi lori la kwenda kambi ya kizuizini linaondoka na Kamande yumo.

Kamande ni fundi wa seng'enge katika shamba moja upande wa Njoro. Tulikuwa majirani huko miaka mingi. Mimi nilikuwa nafundisha watoto wa vibarua kusoma, katika banda lililokuwa la ndama, mpaka mwenye shamba alipobadilisha mikataba akatufukuza wengi wetu na mbuzi wetu. Nilizaliwa upande wa Limuru. Nililetwa huku nikiwa mgongoni mwa mama, na tangu hapo sijawahi kulala mahali ambapo hakuna mtu wa kuniambia niondoke.

Siku hizi mimi ni karani katika ofisi ya kuchuja watu. Ndivyo tunavyosema, kuchuja, kama chai. Mtu anasimama mbele ya meza, anaulizwa, mimi naandika. Halafu anapewa rangi: mweupe anarudi nyumbani, wa kijivu anangoja, mweusi anapanda lori.

Afisa wetu ni kijana mwenye shingo nyekundu. Tunamwita Bwana Maana-Yake, kwa sababu kila neno analolisikia huuliza, "Maana yake?" Hataki watu wasemeshwe Kikuyu, anadhani tutafichana. Wote wanahojiwa kwa Kiswahili, hata wale ambao Kiswahili chao ni cha kuamrishwa tu, "leta", "toka", "upesi". Karani haruhusiwi kusema mpaka aulizwe.

Jana aliletwa Kamande. Hakuonyesha kwamba ananijua. Nami niliinamia karatasi yangu.

"Ulikula?" Bwana akauliza.

"Ndiyo, Bwana. Nilikula."

"Wapi?"

"Kwangu nyumbani. Siku ya mahari ya msichana yangu, mwaka juzi. Wazee waliitwa."

"Mlikula nini?"

"Mbuzi."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili, Bwana." Akatabasamu, maskini, alidhani wanaongea vizuri. "Hiyo ya pili nilikula mpaka nikafungua mshipi."

Askari wa mlangoni alicheka. Bwana hakucheka. Alifungua karatasi zake za maneno, akaweka kidole mahali fulani, akapiga mstari.

"Nani mwingine alikula?"

Kamande alinitazama. Kidogo tu, kama mtu anayeangalia kama mvua imeanza. Niliona tabasamu likimtoka. Hapo ndipo alipoelewa anaulizwa kitu gani.

"Sikumbuki, Bwana. Ilikuwa watu mingi."

Bwana akaniambia niandike: amekiri, tena anaficha wenzake. Mweusi.

Nikaandika. Mwandiko wangu ni mzuri, kila mtu husema hivyo.

Leo mchana mkewe, Nyambura, alikuja hapa kwa miguu kutoka shambani. Alikataa kukaa. Viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi.

"Mwalimu," akasema, "hiyo mbuzi si tulikula na wewe? Si wewe ulipewa mbavu, ukasema meno yako imezeeka, nikakukatia nyama laini mimi mwenyewe?"

Nikamwambia ni mimi.

"Basi enda useme."

Alisema kama mtu anayemwambia jirani arudishe jembe. Nikamweleza kwamba nikisema nilikuwa pale, nitaulizwa nami kama nilikula, na jibu la kweli ni lile lile alilotoa Kamande. Naweza kupandishwa lori hilo hilo.

Alinipima kwa macho, kuanzia kofia hadi viatu.

"Haya. Mtakuwa wawili. Huko wanasema kuna baridi, na yeye ameenda bila blanketi."

Akaondoka. Hakuniaga.

Sasa niandike lile ambalo Nyambura halijui.

Nimesoma vitabu vingi kwa mtu wa hali yangu. Wamisheni waliniazima, na wake wa mabwana waliokuwa wakirudi kwao waliniachia makasha. Katika hadithi zao za nchi hii, mtu kama Kamande hupita nyuma ya kiti akibeba sinia. Hana jina. Ana meno meupe, na husema "Ndiyo, Bwana" hata pale ambapo mtu yeyote mwenye akili angeuliza swali. Ukurasa wa pili anaiba sukari. Nilikuwa nikisoma kwa hasira, na nilijiahidi kwamba nikipata nafasi nitaandika kitabu ambacho watu wetu wana majina, na wanachosema ndicho wanachokusudia.

Mwaka jana nilipata nafasi.

Bwana aliniita akataka orodha ya maneno ya kificho, yale ambayo watu hutumia wakizungumza habari za kiapo cha wale wa msituni. Zilitoka kurasa nne, zikapigwa chapa, zikagawiwa kwa maafisa wa wilaya. Ni kitu changu cha kwanza kuchapwa. Jina langu halimo, lakini nilihifadhi nakala moja ndani ya Biblia, na siku za kwanza nilikuwa nikiitoa kuitazama. Nilikuwa na fahari. Niliketi hapa hapa, mzee mwenye mvi, nikitabasamia karatasi.

Kitabu changu cha kwanza kina kurasa nne, na hakina jina la mtu hata mmoja.

Katika ukurasa wa pili kuna mstari huu: "Kula: wakisema kula, si chakula. Ni kuapa."

Rasimu ninayo bado. Mwanzoni niliandika, "Wakisema kula, pengine si chakula." Halafu nikausoma mstari kwa sauti, kama ninavyosoma kila kitu ninachoandika, nikaona "pengine" inauchelewesha. Bila hilo neno sentensi ilikuwa na pigo. Nikalifuta.

Hakuna aliyenilazimisha. Bwana mwenyewe asingejua tofauti.

Nililifuta kwa sababu ya uzuri.

Nimekuwa nikijiuliza leo ni wangapi wamesimama mbele ya meza nyingine, Subukia, Molo, Naivasha, wakaulizwa kama walikula, wakajibu ndiyo, kama binadamu yeyote angejibu. Mimi niliyewachukia waandishi wanaomnyima mtu wetu jina nimemnyima hata chakula chake. Nyama ya mahari ya mtoto wake imekuwa kosa, na aliyeifanya kosa ni mtu aliyeitafuna.

Kama nimewahi kula kwa maana ile nyingine, sitaandika hapa. Daftari hili linaweza kufunguliwa na mikono isiyo yangu.

Ila najua nitakachoulizwa. Bwana ataniuliza kwa nini jana nilinyamaza. Atauliza kwa nini orodha yangu inasema hivi na mdomo wangu unasema vile. Naogopa. Tangu aya ile ya Nyambura mwandiko wangu, kwa mara ya kwanza, si mzuri. Lakini kila ninapofikiri njia ya kukwepa namwona Kamande akinitazama kwa ule muda mfupi, akiamua. Angesema tu, "Mwalimu huyu hapa alikula," na labda Bwana angelazimika kuniuliza, nami ningeruhusiwa kueleza. Hakujua hivyo. Alijua tu kwamba jina langu likitoka mdomoni mwake nitapotea, akalimeza.

Nimetoa nakala kwenye Biblia. Nimechukua kalamu, na juu ya mstari ule, kwa herufi ndogo, nimelirudisha neno mahali pake. Sasa unasomeka, "Wakisema kula, pengine si chakula." Ni sentensi mbaya kuliko ile iliyochapwa. Nimeongeza pembeni: "Mara nyingi ni chakula. Uliza ni siku gani, na nani alipika."

Kafyu imekaribia, naona watu wakikimbia mbele ya dirisha wakiwa wamefunika pua. Nimekunja mablanketi mawili, moja langu. Nimevaa soksi nzito nione kama viatu bado vitaingia. Vinaingia.

Asubuhi, kabla injini ya lori haijawashwa, nitasimama mbele ya meza, upande ule wanaosimama wengine. Nitamwambia Bwana ile mbuzi ilikuwa ya mahari, nami nilipewa mbavu. Akiweka kidole kwenye mstari wangu na kuniuliza, nitamjibu kwa neno lile lile, bila kutafuta lingine.

Ndiyo, Bwana. Na mimi nilikula.