Kitufe Kilichozima Taa Tu

Jamhuri, Nairobi
Jumapili, mwezi wa nane
Mwaka mmoja na miezi minne tangu nitoke nyumbani

Kwa dada yangu Rebeka,

Nakusalimu wewe na nyumba yote. Natumaini goti limepunguza maumivu na unaweza tena kubeba maji. Mimi nina afya, ila moyo hauko sawa, na sitakuficha.

Najua tangu ile Jumanne unaenda kwa mwalimu jirani kila saa kumi na moja jioni, unashika simu yake, unangoja sura yangu, na sura haiji. Umemtuma aniandikie ujumbe mara mbili, nami nikajibu tu kwamba niko salama. Haya mengine sikutaka yapitie kwake, ndiyo maana nimechukua karatasi. Mwandiko wangu unaujua, soma polepole.

Kazi yangu hapa ni kufungua geti, kufagia, kukata ua na kuosha gari. Nyumba ni ya Mzee mmoja aliyestaafu, anaishi na binti yake ambaye tunamwita Madam. Mzee alipatwa na kiharusi mwaka jana, na tangu hapo anasema kichwa kinavuma kama kinu cha kusaga mahindi. Alishikilia kwamba ni waifai. Daktari akamwambia si hiyo. Mzee akamjibu kwamba kichwa ni chake.

Madam akaniita. "Wewe si uliwahi kuvuta zile nyaya za intaneti kule Kilimani? Basi unajua. Nenda River Road utafute ruta yenye swichi ya kuzima waifai. Baba azime mwenyewe akishakula mchana, ikae hivyo hadi asubuhi. Lakini waya wa komputa yangu usizimike, hiyo ndiyo kazi yangu."

Nilienda na uzito. Waifai hiyo ndiyo iliyokuwa ikileta mikono yako hadi kwenye kibanda changu cha geti. Bando za kuonana kwa picha siziwezi, na sauti kwako haina kazi. Tangu Mama atutoke, mimi tu ndiye niliyebaki ninayejua ile lugha ya mikono tuliyoitunga wenyewe, homa ilipokuchukulia masikio. Nikizimiwa, huna wa kuongea naye. Hilo ndilo nililotembea nalo mpaka dukani.

"Niaje boss," muuzaji akasema. "Hizi zote unazima kwa simu. Unaingia ndani, unaweka password, imeisha."

"Mzee hana simu ya hivyo. Na vidole vyake vina ganzi."

"Basi achomoe kwa stima."

"Akichomoa, binti yake atakosa kazi."

"Ni mzee anakusumbua, ama ni wewe umekuja kunisumbua?" Akacheka, akaniwekea mbili juu ya meza.

Ya kwanza ilikuwa na swichi nene ubavuni. Ukiishusha, waifai inakufa na waya unaendelea. Ya pili ilikuwa na kitufe mbele. Nikakibonyeza, taa zote za kijani zikazimika.

"Hiyo ni ya taa tu," akasema. "Iko na watu hawataki mwanga wakilala. Waifai inaendelea kama kawaida. Usije kesho kuniletea maneno."

Bei ilikuwa moja. Nilisimama pale nikizigeuza kama mtu anayesoma. Halafu nikanunua ya taa.

Mzee alibonyeza mwenyewe, akaona giza, akashusha pumzi. Dada, alilala. Alilala mchana ule hadi saa ya chai, na siku iliyofuata, na wiki zilizofuata. Akanishika bega akasema, "Kijana, umeniponya." Nikasema asante, Mzee. Na saa kumi na moja nikakaa kibandani nikakuangalia ukinisimulia juu ya ndama, nikacheka nawe. Nilikuwa na amani, sitasema uongo.

Nguvu zikamrudia hata akaanza kutembea uani kwa fimbo. Ndivyo alivyofika kibandani Jumanne ile. Uso ule uliouona nyuma ya bega langu, wenye kofia ya sufu, ni wake.

"Huyo ni nani?"

"Ni dada yangu, Mzee. Hasikii."

Akakupungia mkono, ukampungia, akatabasamu. Kisha akaitazama simu.

"Unatumia bando?"

Ningesema ndiyo, yangeisha hapo. Sijui ni nini kilinizuia. Nikasema hapana, nikamweleza yote, ya swichi na ya kitufe. Hakupandisha sauti.

"Kumbe nimekuwa nikilala usingizi wa bure," akasema.

Picha niliikata mimi. Usidhani ulikosea kumpungia.

Mzee alimweleza Madam, na kesho yake Madam alinirudisha dukani nikabadilishe. Sasa waifai inazimika kweli, na Mzee halali. Anashusha swichi, anakuja hadi kibandani, ananiomba nimwonyeshe simu aone kama imekufa. Namwonyesha. Anarudi kitandani, na kabla sijamaliza kufagia nasikia fimbo tena. Kichwa kinavuma kuliko mwanzo. Nilimpa usingizi, kisha nikamnyang'anya, na hakuna duka la kuurudisha.

Madam amenipa hadi mwisho wa mwezi. Alisema, "Baba anataka ubaki. Mimi sitaki. Ungeniambia tu una dada kama huyo, tungetafuta njia." Kwa muda wote huu sikuwahi kutaja jina lako katika nyumba hii. Sikudhani kuna mtu angetaka kulijua.

Msalimie Senje, dada ya baba, na umwambie dawa yake nitakuja nayo. Msalimie jirani anayekukamulia ng'ombe. Na mwalimu, mshukuru kwa simu yake na uvumilivu wake.

Kazi nyingine sijapata, na sitaki uje kunipokea ukiwa na matumaini ya mizigo. Nakuja na begi moja. Nitapanda basi la Ijumaa, nifike Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa, asubuhi.

Mdogo wako,
Shadrak