Bandi ya Upande wa Kushoto

Jumatatu, 7 Novemba 1938
Nimeshona suruali, nimeshona kanzu. Leo nimeitwa kuivisha ndege! Ni ya Mzungu mwenye mahindi kule Kwanza. Makanika wake, Wekoye, mtu wa Bungoma, alinionyesha mkia: vipande viwili vyembamba, kulia na kushoto, vinachezacheza kama mlango kwenye bawaba. Anaviita eleveta. Kitambaa chake kimeoza. Nikasema, si pambo tu? Akacheka sana. Ati bila hizo ndege haiinui pua wala haiinamishi.

Jumatano, 9 Novemba
Eleveta ya kulia tayari, imefungwa mahali pake. Napiga bandi kwanza, mishono mirefu ya kushikilia tu. Halafu nashona yenyewe, fundo kila mshono. Mwisho nachomoa bandi na kuizungusha kwenye kijiti — situpi uzi mimi, mke wangu Zulekha anicheke apendavyo. Kulia nimetumia uzi mweusi, kushoto nitatumia mwekundu.

Wekoye alinipandisha kitini nishike fimbo ya kuiongozea ndege. "Vuta, fundi! Si unaona? Eleveta inaenda juu, upepo unaikanyaga, mkia unashuka. Pua inapanda yenyewe, bana!"

Yaani ili upande, unakandamiza mkia! Subhanallah. Nilivuta na kusukuma mpaka akanifukuza.

Alhamisi, 10 Novemba
Kushoto. Saumu ilinibana, macho mazito. Magharibi ikanikuta kazini. Wekoye kaniletea tende, mwenyewe kaichukua eleveta kwenda kuipaka dawa ya kukaza kitambaa. Imekwisha, alhamdulillahi. Jumamosi wanairusha ndege, naye Wekoye atakaa nyuma ya Mzungu.

Jumamosi, 12 Novemba
Asubuhi nimeshika kijiti. Uzi mweusi upo. Mwekundu haupo!

Nilishona nikasahau kuuchomoa? Au niliacha bandi tupu, bila mshono wenyewe wa kuhimili upepo, Wekoye akaipaka dawa juu? Sikumbuki. Wallahi sikumbuki.

Nimekimbia mpaka uwanjani. Ndege ilikuwa inaondoka. Nikapiga kelele, injini ikazimeza. Wekoye alidhani namuaga, akanipungia mkono. Eleveta zikainuka zote mbili, mkia ukabonyea, pua ikapanda — kweli kabisa, kama alivyosema! Nimeogopa na nimefurahi kwa pamoja, Mungu anisamehe.

Naandika nimekaa nyasini. Wako juu ya Matisi, wadogo. Sasa wanageuka. Kupanda si kitu, aliniambia Wekoye. Wakati wa kutua ndipo fimbo inavutwa mpaka mwisho.

Pua imeinama, wanakuja. Mkono wa kulia unaandika. Wa kushoto umekunja ngumi, unavuta, unavuta