Mtoto Niliyesema ni Wako

Michenzani,
Unguja.
9 Agosti 2025

Mpendwa Kaka Khatib,

Shikamoo. Vipi hali yako na joto la Maskati? Wifi Faiza mguu umepona? Sisi wazima, alhamdulillahi, ila nimeshikwa na haya, ndiyo maana nnaandika. Kwenye simu ningekata kabla sijamaliza.

Kaka, nimekusingizia.

Unajua tangu Jecha kuniacha, riziki yangu ni kushona. Nlipoomba kazi kwa Bi Hina, mwenye duka la ushoni pale Mlandege, nliulizwa kama nna mtoto mdogo. Mwenzangu aliyetangulia alijibu anaye, akaambiwa ataitwa, mpaka leo hajaitwa. Mimi nikasema sina. Sumaiya nikawa namwacha kwa jirani.

Mwaka huu jirani kahamia Pemba. Mara Bi Hina naye kafungua chumba cha watoto wa wafanyakazi, juu ya duka, mlezi anamlipa mwenyewe. Nami nshasema sina mtoto!

Nikamwambia Sumaiya ni wako. Nikazidisha: umemtupa kwangu, huulizi wala huleti. Wewe, ambaye kila Idi nguo zake zinafika kabla mwezi haujaandama! Bi Hina akanionea huruma, akampokea, na kila akimwona anakulaumu wewe. Mimi nashona tu, kichwa chini.

Mtoto nikamfundisha kazini aniite shangazi. Ana miaka minne, akashika upesi. Wiki iliyopita nyumbani namwogesha, sabuni ikamwingia machoni, akalia, "Shangazi!" Nlikaa chini pale pale nikalia kuliko yeye. Njia ya mwongo fupi, kaka.

Asubuhi yake nikamweleza Bi Hina yote, nikingoja kufukuzwa. Akasema, "Chumba nimekifungua kwa ajili ya wenye watoto kama wewe, nawe ukanificha. Kamuombe radhi kaka yako." Lile swali la watoto kalifuta, wala hamuulizi tena anayeomba kazi. Lakini uso wa kumtazama sina, na kwako ndiyo kabisa.

Nisamehe. Sumaiya nshamwambia aniite mama popote. Jana tulipofika mlangoni kwa Bi Hina alinivuta buibui, akaninong'oneza, "Hapa pia?"

Nisalimie wifi na mwanenu Mbarouk. Mungu akuhifadhini nyote, na aulainishe moyo wako kwangu.

Nduguyo akupendaye,
Tahiya, mama yake Sumaiya