Zima, Pima, Ndipo Uguse: Kwa Baba Yetu, Fundi Twalib Kitwana

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu utuache, na bado hakuna anayegusa bomba la maji ya moto nyumbani kwako kabla ya kutazama swichi.

Ulikuwa fundi umeme miaka thelathini na minne, kutoka Mji Mkongwe hadi Mbegani. Hukuwa na maneno mengi. Testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, ilikaa mfuko wa shati, na Mama alichoka kushona mifuko uliyoitoboa. Mteja akikuharakisha ulimwambia, "Basi tafuta mwingine," ukaanza kukusanya vifaa vyako. Akanywea.

Lakini hatusahau siku ile Zuwena, mwanao, alipokuwa ndani ya arobaini yake ya uzazi. Wewe ulikuwa kazini Saadani wiki nzima. Mkweo Feisal, kwa huruma zake, akanunua hita ya maji ili Mama asihangaike na mkaa kila anapomkanda mzazi. Akaifunga mwenyewe. Ule waya wa kijani na njano akaukata, akisema hauna kazi.

Ulirudi asubuhi, hujavua hata viatu.

"Shikamoo, Baba," Feisal akakupokea mlangoni.

"Marahaba. Wazima humu?"

"Wazima. Ila Zuwena anasema bomba la bafuni linamtekenya vidole. Mama anasema ni ganzi ya uzazi."

Feisal anakumbuka uso wako ulivyobadilika. Bafuni maji yalikuwa yanamwagika, Mama na Zuwena wanacheka. Hukupiga kelele, maana mtu akishtuka hushika kilicho karibu. Ulikwenda kwenye swichi kuu, mbio ambazo hatukuwahi kukuona nazo, ukaizima nyumba nzima.

"Umeme umekatika!" Mama akalalamika.

"Nimeukata mimi, Mardhiya. Tokeni. Msiguse kitu."

Walipotoka, uliwasha tena, ukagusisha ncha ya testa kwenye bomba. Kitaa chake kikawaka. Feisal alikuwa akichungulia mlangoni.

Hukumtukana. "Waya ulioukata ndio unaopeleka ardhini umeme unaovuja," ulimwambia. "Bila huo, unapita kwa mkeo."

Siku mbili mlifanya kazi pamoja. Hita ikapata laini yake peke yake, waya mnene wenye nyaya tatu, ethi, yaani chuma kilichochimbiwa ardhini, swichi nje ya bafu, na kifaa kinachojizima chenyewe umeme ukivuja. Testa haikuwaka. Hata hivyo ulioga wewe kwanza, sisi tumesimama nje roho mkononi, nawe unaimba humo ndani, vibaya kweli.

Jumanne ile moyo wako uliposimama, waliokuja kukuosha walitaka maji ya vuguvugu. Feisal akaenda bafuni na ndoo. Maji yalipopata moto akazima swichi, akatoa testa kwenye shati lako lililotundikwa, akapima bomba, akapima tena. Jamaa mmoja akanong'ona, "Kijana, fanya haraka, watu wanasubiri kuzika."

"Basi tafuta mwingine," Feisal akamjibu, machozi yakimtoka. Kisha ndipo akafungua maji.

Unakumbukwa na mkeo Bi Mardhiya, mwanao Zuwena, mkweo Feisal, ambaye mashati yake sasa yametoboka mifuko, na mjukuu wako Lulu, asiyeifikia swichi bado, lakini kila jioni huuliza, "Imezimwa?"

Mwenyezi Mungu akurehemu, Baba. Kila tutakapoizima, tutakukumbuka.