Kuni za Msiba wa Filamu

Kalangalala, Geita

Kaka Mageni, shikamoo.

Barua hii nampa dereva anayepeleka maji huko machimboni ulikoonekana mara ya mwisho. Nimeshawapa wengine kabla yake, na sichoki.

Siku hizi natayarisha filamu zangu mwenyewe. Usicheke. Kazi yenyewe ni kuhangaikia jenereta, kubembeleza waigizaji na kukosa usingizi.

Jumamosi tulirekodi msiba uani kwangu. Mama alikuja kutoka Kolandoto kutupikia. Tukafunga turubai, waigizaji wakaanza kulia, na mimi kwa haraka zangu sikuwa nimewaambia majirani. Unawajua watu wa huku: waliposikia kilio wakaja na kuni na unga, wakakaa kwenye mikeka. Mmoja akamuuliza Mama, "Pole mama, nani katutoka?"

Nilikuwa nakimbilia kusema ni filamu. Mama akaniwahi: "Mwanangu, Mageni."

Akalia, Kaka. Miaka yote hii tukikutaja anasema utarudi tu, tunyamaze. Na kamera ilikuwa inarekodi. Mwongozaji anasema hajawahi kupata kipande kizuri kama hicho. Nimemwambia akikitumia atafute mtayarishaji mwingine.

Majirani niliwaeleza, wakaguna, wakaondoka na unga wao. Kuni Mama amezizuia. Ziko pale uani. Hataki zipikiwe wala zirudishwe.

Piga simu, umwambie mwenyewe tuzifanyeje.

Ni mimi mdogo wako,
Eufrasia