Ginko Tatu Nyumbani kwa Bwana Pamba

Jumatatu, 3 Julai 1961
Maji ndoo sita kama kawaida, mbili kwa kila ginko, ile miti ya kigeni ya Memsabu. Miti mitatu, sasa inanifika kifuani. Aliileta ikiwa miche ndani ya makopo, miaka sita iliyopita. Wiki ijayo anaondoka na mumewe, Bwana Pamba, afisa wa serikali anayesimamia pamba. Anakuja bwana mpya, Mwafrika. Memsabu ameahidi kunisemea nibaki na kazi na chumba cha uani. Sharti miti iwe salama.

Alhamisi, 6 Julai
Majani yamekuwa ya njano. Yote, kwa siku tatu! Miaka mingine hupukutisha machache tu. Wadudu hakuna. Naogopa.

Ijumaa, 7 Julai
Memsabu yuko Bukoba kuaga, anarudi kesho. Mke wangu kaja kutazama. "Baba Masanja, hiyo imekufa. Ng'oa kabla hawajakulaumu." Nimekulia kwenye pamba. Msimu ukiisha, shina hung'olewa na kuchomwa, la sivyo faini, na mtoza faini ndiye mwenye nyumba hii. Nikang'oa mmoja. Mizizi mibichi kabisa. Nimeurudisha shimoni, nikashindilia udongo. Mjinga mimi.

Jumamosi, 8 Julai
Memsabu kaona ile njano, kapiga makofi, kalia. Kumbe aliingoja miaka yote sita. Kwao miti hii huwa hivyo, kisha hulala. Kaita majirani waje wanywe chai na kuitazama. Sielewi. Niliyodhani imekufa, wao wanaipiga picha. Habari ya kung'oa sikusema. Niliona haya.

Jumatano, 12 Julai
Wameondoka jana. Majani yote chini. Bwana mpya ni kijana wa Kihaya. "Shikamoo, mzee. Vijiti hivi vya nini? Ng'oa, tupande mapapai." Memsabu alinisemea au alisahau? Sijui. Nikasema vimelala. Akauliza vitaamka lini. Mdomo ukajibu wenyewe: Uhuru ukifika vitakuwa na majani. Akacheka sana. "Haya. Visipoamka, mtaondoka pamoja."

Jumapili, 16 Julai
Kanisani sikusikia neno. Hadi Desemba, mwezi wa Uhuru, ni miezi mitano. Nimekwangua gome kwa ukucha: mti wa kwanza kijani, uko hai; wa pili kijani. Ule niliong'oa nimeogopa kuukwangua. Nimeupa ndoo zake mbili, nikarudi ndani.