Kigae cha Ngomeni

Kariakoo, Jumatano

Ndugu yangu Mwinyimvua,

"Mgeni wangu ni mtu wa kalamu, hawezi kuiba." Shemeji Sophia ameniambia kwenye simu kwamba ndivyo ulivyowajibu wazee wa kamati walipokunyang'anya funguo za ngome kwa sababu ya kile kigae cha bakuli la kale kilichopotea. Nakupinga. Kigae kiko mezani kwangu ninapoandika.

Huku mvua imenyesha, Mtaa wa Swahili wote tope. Ahsante kwa samaki wa Jumamosi na kwa chumba chenye upepo wa bahari.

Unakumbuka nilivyosimama pale kwenye ngazi za ngome nikiwafokea wageni waliobeba vitu vyetu vya kale wakajazia makabati ya makumbusho yao? Ulicheka ukasema, "Punguza sauti, bwana, popo watadhani unawasema wao." Kisha ukaenda kuswali alasiri, ukaniachia funguo kwa kuwa mimi ni nduguyo. Ndipo nilipokichukua kigae; nilitaka tu kuwaringishia jamaa zangu wa kahawa. Nilikificha chini ya mikate ya ufuta aliyonifungia shemeji, na njiani mikate nikaila.

Miaka ishirini nawaandama kwa kalamu wezi wa namna hii. Sijui hata mmoja aliyeiba huku anakula mkate wa mwenyeji wake.

Usinisitiri. Isome barua hii kwa sauti mbele ya kamati. Kigae nimekifunga pamoja nayo. Nanyi wazee mnaosikiliza, mrudishieni Mwinyimvua funguo leo, kabla hamjamaliza kunitukana.

Abdulkadiri